Kutoka Ufa Hadi Bahari: Jinsi Sakafu ya Bahari ya Aktiki Ilivyoumbika

Utangulizi

Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa ya masika, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara iendayo Narok. Picha za ufa huo zilienea kwa kasi, na baadhi ya vyombo vya habari, vya ndani na vya nje, vikatangaza kwamba bara la Afrika limeanza kugawanyika vipande viwili. Wanajiolojia wengi walipoulizwa walitoa jibu la utaratibu zaidi. Walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano yaliyoujaza ufa wa kale, na kwamba kilichoonekana siku hizo kilikuwa kazi ya mafuriko kuliko kazi ya nguvu za ndani ya dunia. Hata hivyo, swali walilojiuliza wananchi lilikuwa la haki. Bonde la Ufa ni mahali ambapo bara linavutwa pande mbili kwa hakika. Je, ufa wa namna hii, usipokoma, huishia wapi?

Jibu mojawapo la swali hilo liko mbali sana na Mai Mahiu, chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya sakafu ya Bahari ya Aktiki ilianza kama ufa katika nchi kavu, ufa ukawa bonde, na bonde likawa bahari. Makala hii inadhamiria kueleza hatua za safari hiyo. Aidha, inakusudia kuonyesha jinsi jina la mwinuko mmoja ulio chini ya bahari hiyo lilivyogeuka kuwa jambo la kupimwa kisheria baina ya mataifa. Kwa msomi wa Kiswahili, mada hii ina uzito wa pekee, maana inaonyesha kwamba uteuzi wa istilahi haukomei darasani. Kuna mahali ambapo kuteua neno ni kugawa eneo la dunia.

Aina Mbili za Gamba la Dunia

Gamba la dunia, yaani lile tabaka gumu la nje tunamoishi juu yake, si la aina moja. Lipo gamba la mabara na lipo gamba la bahari. Gamba la mabara ni nene, aghalabu kati ya kilomita 30 na 40, na miamba yake mingi ni ya jamii ya graniti, ambayo ni miepesi kwa kulinganishwa. Gamba la bahari ni jembamba, wastani wake ukiwa kilomita 7 hivi, nalo limeumbwa kwa basalti, mwamba mweusi na mzito utokanao na rojo la volkano. Chini ya magamba yote mawili kuna mantili, tabaka la mwamba wa moto ambao, ijapokuwa ni mgumu, husogea polepole katika muda wa mamilioni ya miaka.

Tofauti hiyo ya uzito na unene ndiyo iamuayo wapi pawe nchi kavu na wapi pawe bahari. Gamba la mabara huelea juu kama jahazi tupu, ilhali gamba la bahari hukaa chini kama jahazi lililosheheni. Maji nayo hukusanyika palipo chini. Kwa hiyo bahari kuu ni zaidi ya shimo lililojaa maji. Ni mahali ambapo mwamba wenyewe ni wa aina nyingine. Hoja hii inafaa kuwekwa akilini, kwa sababu ndiyo itakayosaidia baadaye kuamua iwapo mwinuko fulani uliozama baharini ni kipande cha bara au la.

Hatua za Kupasuka kwa Bara

Gamba, pamoja na sehemu ngumu ya juu ya mantili, limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea. Wazo la kwamba mabara husogea lilitetewa na Mjerumani Alfred Wegener mnamo 1912, lakini halikukubaliwa na wataalamu wengi hadi miaka ya 1960, baada ya Mmarekani Harry Hess kueleza mwaka 1962 jinsi sakafu ya bahari inavyozaliwa na kutanuka. Wegener hakuishi kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1930 akiwa katika safari ya utafiti juu ya barafu ya Greenland, kisiwa kilicho ukingoni mwa bahari inayozungumziwa hapa.

Bamba lenye bara likivutwa pande mbili, kinachotokea kinaweza kufananishwa na donge la unga wa chapati lililosahauliwa bila kufunikwa. Donge hilo hukauka juu na kubaki laini ndani. Likishikwa na kuvutwa, sehemu ya juu iliyokauka hupasuka nyufa, na sehemu laini ya ndani hunyooka na kuwa nyembamba bila kukatika. Gamba la mabara hufanya vivyo hivyo. Sehemu ya juu, iliyo baridi, huvunjika kwa mipasuko mirefu inayokwenda sambamba, na vipande vilivyo kati ya mipasuko hiyo hudidimia. Hivi ndivyo lilivyoumbika bonde lenye kingo za mwinuko mkali kama zile za Elgeyo na Mau. Sehemu ya chini, iliyo na joto zaidi, hunyooka. Vipimo vya mitetemo vilivyofanywa nchini Kenya katika miaka ya 1980 na 1990 vilibainisha kwamba chini ya Bonde la Ufa katika eneo la Naivasha gamba lina unene wa kilomita 35 hivi, ilhali chini ya Ziwa Turkana limebakia kilomita 20 hivi tu. Msafiri atokaye Naivasha kwenda Turkana, pasipo kujua, hutoka kwenye gamba nene na kuingia kwenye gamba lililonyooshwa mno.

Gamba likipungua unene, mantili hupanda kujaza nafasi. Kadiri mwamba wa mantili unavyopanda, ndivyo uzito unaoukandamiza unavyopungua. Na mwamba wenye joto kali ukipunguziwa mkandamizo huanza kuyeyuka, hata kama joto lake halikuongezeka. Rojo linalopatikana ndilo hulisha volkano. Hii ndiyo sababu Longonot, Suswa na Menengai zimejipanga ndani ya bonde.

Hatua ya mwisho ni kukatika. Gamba la bara hufika kikomo cha kunyooka, likatengana kabisa, na rojo la basalti likapanda katikati na kuganda kila upande. Ufa mpya hufunguka katikati ya mwamba huo mpya, rojo jingine likapanda, na hivyo hivyo kwa mamilioni ya miaka. Sakafu ya bahari huwa imezaliwa. Katika eneo la Afar nchini Ethiopia, hatua hii inakaribia kuonekana kwa macho. Mnamo Septemba 2005, rojo lilijipenyeza chini ya ardhi katika ufa wenye urefu wa kilomita 60 hivi, na kingo zake zikasogea mbali hadi mita 8 katika mahali fulani, yote hayo katika muda wa majuma machache.

Ni muhimu kuongeza kwamba si kila ufa hufika mwisho wa safari. Kaskazini mashariki mwa Kenya, chini ya mashapo mazito, umefunikwa ufa wa Anza, uliofunguka katika zama za mijusi wakubwa wa kale kisha ukakoma. Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Lakini ardhi ina nyufa zinazojiziba zenyewe, na nyingine ambazo hakuna awezaye kuziziba. Ufa wa Aktiki ni wa kundi hili la pili.

Bahari Iliyodhaniwa Kuwa na Kina Kifupi

Mwaka 1893 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia ya mada hii. Mwaka huo mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alisafiri katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, akafika Baringo na kuzichunguza kingo za bonde kuu. Alihitimisha kwamba bonde hilo halikuchimbwa na mto, ila lilitokana na ardhi kudidimia kati ya mipasuko sambamba. Dhana ya bonde la ufa, kama inavyofundishwa leo, inamrejelea yeye. Mwaka uo huo, mwezi wa Juni, Mnorwe Fridtjof Nansen aling'oa nanga akielekea kaskazini kwa meli iitwayo Fram, iliyoundwa kwa tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iinuke badala ya kuvunjika.

Nansen aliiacha meli yake igandishwe barafuni kwa makusudi kaskazini mwa Siberia, ili isukumwe na mkondo wa bahari. Wakati huo watu wengi walidhani kwamba bahari ya ncha ya kaskazini ni ya kina kifupi. Fram ilipoendelea kusukumwa, kamba za kupimia kina hazikufika chini. Mabaharia walilazimika kufumua waya wa chuma wa meli na kuusokota upya ili wapate kamba ndefu ya kutosha. Vipimo vyao vilipita mita 3,000. Meli ilipotoka barafuni mwezi wa Agosti 1896, ilikuwa imethibitika kwamba chini ya barafu ile kuna bahari kuu halisi. Wapimaji wawili, mmoja kwenye Ikweta na mwingine karibu na ncha, walikuwa wameshika ncha mbili za hadithi moja, na hakuna aliyejua.

Kiungo cha kati kilianza kuonekana mwaka 1948. Wanasayansi wa Kisovieti, waliosafirishwa kwa ndege na kupiga kambi juu ya barafu, waligundua kwamba bahari hiyo kuu imekatwa katikati na mwinuko mrefu unaotoka upande wa Siberia, unapita karibu na ncha yenyewe na kuelekea Greenland na visiwa vya Kanada. Urefu wake ni kilomita 1,800 hivi, na unapanda zaidi ya mita 3,000 kutoka sakafuni. Ulipewa jina la Mikhail Lomonosov, msomi wa Kirusi wa karne ya 18.

Katika makala hii mwinuko huo unaitwa Tuta la Lomonosov. Neno mgongo limehifadhiwa kwa kitu kingine, na sababu yake itaelezwa baadaye.

Mabeseni Mawili, Historia Mbili

Tuta la Lomonosov huigawa sakafu ya Aktiki katika mabeseni mawili. Upande wa Amerika na Siberia ya mashariki kuna Beseni la Amerasia, na upande wa Ulaya na Siberia ya magharibi kuna Beseni la Eurasia. Mabeseni haya hayalingani umri wala historia.

Beseni la Amerasia ndilo kongwe. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba sehemu yake kuu, iitwayo Beseni la Kanada, ilifunguka kama mlango. Alaska na sehemu ya mashariki ya mbali ya Siberia zilitengana na visiwa vya Kanada kwa kuzunguka, bawaba ya mlango ikiwa karibu na mdomo wa Mto Mackenzie. Wazo hilo lilianza kutolewa katika miaka ya 1950 na Samuel Warren Carey wa Australia. Kufunguka huko kulitokea zaidi ya miaka milioni 120 iliyopita. Kilomita nyingi za mashapo yaliyoletwa na mito zimeufunika ushahidi, na volkano kubwa za baadaye zimeufunika zaidi, ndipo mjadala kuhusu baadhi ya hatua za historia ya beseni hili ukaendelea hadi leo.

Beseni la Eurasia ni changa na historia yake iko wazi zaidi. Miaka milioni 55 hivi iliyopita, ufa uliokuwa ukiitenganisha Greenland na Norwe uliendelea kaskazini. Ulipofika kwenye ukingo wa bara uliokuwa umepakana na Beseni la Amerasia, haukuchagua kukoma wala kupitia katika beseni lililokwisha kufunguka. Ulipasua bara lenyewe, sambamba na ukingo huo, na kukata ukanda mrefu na mwembamba kutoka kwenye sehemu ambayo leo ni sakafu ya Bahari za Barents na Kara. Ukanda huo uliokatwa ndio Tuta la Lomonosov. Ni kama mshonaji aliyekata pindo la nguo na kulisogeza mbali, huku nguo yenyewe ikibaki mahali pake.

Mahali palipokatwa, katikati ya pindo na nguo, ndipo sakafu mpya ilipoanza kuzaliwa, na inaendelea kuzaliwa hadi sasa. Mstari wa kuzaliwa huko unaitwa Mgongo wa Gakkel, kwa jina la mwanajiografia wa Kisovieti Yakov Gakkel. Nao una urefu wa kilomita 1,800 hivi. Umri wa sakafu iliyo pande zake umesomwa kwa msaada wa usumaku. Basalti inapoganda huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati ule, na kwa kuwa usumaku huo umegeuka mara nyingi katika historia, sakafu ya bahari hubaki na mistari inayopishana kama ya pundamilia, inayolingana kila upande wa mgongo. Fred Vine na Drummond Matthews walitoa ufafanuzi huu mwaka 1963. Katika Aktiki, ambako barafu huzuia meli, mistari hiyo ilipimwa kwa ndege, na ndiyo iliyoonyesha wakati tuta lilipoachana na bara.

Mgongo wa Gakkel ndio mgongo wa bahari unaotanuka polepole kuliko yote duniani. Karibu na Greenland sakafu hutanuka milimita 14 hivi kwa mwaka, na karibu na Siberia milimita 6 hivi. Ukucha wa kidole cha mkono hukua haraka zaidi. Lakini haba na haba hujaza kibaba: milimita 10 kwa mwaka, kwa miaka milioni 55, ni kilomita 550. Hesabu hiyo ni ya makadirio, kwani kasi ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni, lakini inatosha kuonyesha jinsi bahari inavyoweza kutokana na mwendo usioonekana.

Upole huo una athari nyingine. Mantili inayopanda taratibu mno hupoa kabla ya kuyeyuka vya kutosha. Kwa sababu hiyo rojo ni haba, gamba ni jembamba kuliko la bahari nyingine, na mahali fulani mwamba wa mantili umejitokeza moja kwa moja kwenye sakafu. Wataalamu walitarajia kwamba mgongo maskini wa rojo utakuwa maskini wa joto pia. Mwaka 2001, meli mbili za kuvunja barafu, Healy ya Marekani na Polarstern ya Ujerumani, zilipita juu yake na kukuta dalili nyingi za chemchemi za maji moto kuliko ilivyodhaniwa. Utafiti wa mwaka 2007 ukaonyesha vipande vya kioo cha volkano vilivyotapakaa katika kina cha mita 4,000 hivi, ishara ya milipuko ambayo haikutarajiwa chini ya uzito mkubwa kiasi hicho wa maji.

Juu ya Mgongo wa Gakkel, katika urefu wake wote, kuna bonde refu lenye kingo kali na volkano ndani yake. Kwa maneno mengine, Aktiki ina Bonde la Ufa lake, lililofunikwa kwa maji na barafu. Isitoshe, mwisho wa mgongo huo upande wa Siberia unaingia katika Bahari ya Laptev, ambako gamba ni la bara. Huko, kama ilivyo Afar, kutanuka kwa bahari kunageuka kuwa kupasuka kwa bara. Sehemu za dunia zenye makutano ya namna hiyo ni chache, na Afrika Mashariki ni jirani wa mojawapo.

Kumbukumbu Zilizomo Katika Mashapo

Baada ya kukatwa, Tuta la Lomonosov lilipoa na kudidimia, na mashapo yakaanza kutanda juu yake tabaka baada ya tabaka. Kwa kuwa limeinuka juu ya sakafu, halikufunikwa na maporomoko ya matope ya vilindini. Limekuwa mfano wa rafu ya juu ambayo juu yake kumbukumbu zimehifadhiwa kwa mpangilio.

Mwaka 2004 kumbukumbu hizo zilisomwa kwa mara ya kwanza. Meli tatu zilikwenda hadi kilomita 250 hivi kutoka ncha. Vidar Viking ilitoboa sakafu, huku Oden ya Uswidi na Sovetskiy Soyuz ya Urusi, iendeshwayo kwa nguvu za nyuklia, zikivunja mapande ya barafu ili meli ya kutoboa isisukumwe kutoka mahali pake. Walifika zaidi ya mita 400 chini ya sakafu. Katika matabaka ya miaka milioni 55 iliyopita walikuta dalili za bahari yenye joto linalokaribia la bahari za tropiki, zaidi ya nyuzi 20 za selisiasi. Katika matabaka ya miaka milioni 49 iliyopita walikuta mabaki mengi ya Azolla, kangaga mdogo aeleaye juu ya maji baridi yasiyo na chumvi. Bahari ya Aktiki ilikuwa imefungiwa na mabara kiasi kwamba maji ya mito yalitanda juu yake, ikawa kama ziwa kubwa la kijani.

Kilichoifungua ni upasukaji ule ule. Greenland na Svalbard zilipoendelea kutengana, Mlango wa Fram ulipanuka na kuwa na kina, na miaka milioni 17 hivi iliyopita maji ya Atlantiki yalianza kuingia kwa wingi na kuyapa hewa maji ya vilindini. Kabla ya hapo matabaka ni meusi, ishara ya ukosefu wa oksijeni. Baada ya hapo rangi inabadilika. Ufa katika mwamba uligeuza uhai wa bahari nzima.

Mgongo, Tuta na Sheria

Inafaa sasa kurejelea suala la majina. Kiingereza hutumia neno moja kwa mwinuko wa Gakkel na ule wa Lomonosov, na ramani za Kiswahili zikifuata mkondo huo zitaviita vyote viwili migongo. Lakini vitu hivi ni kinyume cha kila kimoja. Gakkel ni mahali pa kuzaliwa kwa mwamba mpya wa bahari. Lomonosov ni kipande cha bara kongwe kilichozama. Neno mgongo linaufaa wa kwanza, kwa sababu mgongo wa binadamu una mfereji unaopita katikati, na Gakkel una bonde katikati yake. Tuta, yaani udongo ulioinuliwa kutoka ardhi iliyokuwepo, linaufaa wa pili.

Pengine msomaji ataona kwamba huku ni kushughulikia maneno kupita kiasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 hauoni hivyo. Kwa kawaida nchi ina haki juu ya rasilimali za sakafu ya bahari hadi maili 200 za baharini kutoka pwani yake. Ikitaka kwenda mbali zaidi, ibara ya 76 inaitaka ithibitishe kwamba sakafu hiyo ni mwendelezo wa nchi kavu yake. Ibara hiyo inataja miinuko ya namna tatu. Kuna migongo ya kibahari ya vilindini, ambayo haihesabiwi kuwa sehemu ya bara. Kuna migongo ya chini ya bahari, ambayo nchi haiwezi kupita maili 350 juu yake. Kuna pia miinuko iliyo sehemu ya asili ya ukingo wa bara, ambayo haibanwi na kikomo hicho cha maili 350. Mfasiri atakayeitafsiri ibara hiyo kwa Kiswahili kwa kutumia neno mgongo peke yake atakuwa ameifuta tofauti ambayo mataifa yametumia miongo miwili kuibishania.

Urusi iliwasilisha hoja yake mbele ya Tume ya Mipaka ya Rafu ya Bara mwaka 2001, ikatakiwa kuleta ushahidi zaidi. Tarehe 2 Agosti 2007, nyambizi ndogo za Kirusi zilishuka kwenye ncha yenyewe na kusimika bendera ya titani katika kina cha mita 4,261. Tendo hilo lilizua kelele nyingi ingawa halina nguvu ya kisheria. Kina hicho kinabainisha jambo ambalo kelele zilificha: ncha iko kando ya tuta, juu ya sakafu ya bahari iliyozaliwa na Mgongo wa Gakkel. Bendera ilisimikwa kwenye mwamba ambao, kwa asili yake, haukuwahi kuwa sehemu ya bara lolote.

Denmark, kwa niaba ya Greenland, iliwasilisha hoja yake mwaka 2014, Urusi ikarudi na hoja iliyorekebishwa mwaka 2015, na Kanada ikafuata mwaka 2019. Zote tatu zinadai Tuta la Lomonosov ni mwendelezo wa nchi zao, na maeneo wanayoyadai yanaingiliana. Mwaka 2023 Tume ilikubaliana na sehemu kubwa ya hoja ya Urusi. Hata hivyo, Tume haina mamlaka ya kugawa mipaka baina ya nchi jirani. Kazi hiyo imebaki kwa mataifa yenyewe.

Sayansi inasemaje? Inasema kwa uhakika kwamba tuta ni kipande cha bara. Kuhusu ni la nani, jibu lake si la kumridhisha yeyote. Kwa kuzaliwa, tuta ni la Eurasia, maana lilikatwa kwenye ukingo wa Barents na Kara. Kwa mwendo wake wa leo, liko upande wa Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa mpaka wa mabamba hayo mawili ni Mgongo wa Gakkel. Ni kama mtoto aliyezaliwa kwa jamaa moja na kulelewa kwa jamaa nyingine: kila upande una ushahidi wa kweli, na hakuna ushahidi unaoufuta wa mwenzake. Jiolojia inaweza kueleza ukoo wa mwamba. Haiwezi kuamua urithi.

Suala hili halimhusu Mrusi na Mkanada peke yao. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 1989 na kuwasilisha hoja yake kuhusu rafu yake ya bara katika Bahari ya Hindi mwaka 2009. Maneno yanayopimwa Aktiki ni yale yale yanayopimwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Beseni la Eurasia ni ufa ambao haukukoma, kwamba Tuta la Lomonosov ni pindo la bara lililokatwa na ufa huo, na kwamba Mgongo wa Gakkel bado unaendeleza kazi iliyoanza miaka milioni 55 iliyopita. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki liko katika hatua za mwanzo za njia hiyo hiyo. Linaweza kufika baharini, kama lilivyofika lile la Aktiki, au likakoma na kufukiwa kama Anza. Kwa kasi ya milimita chache kwa mwaka, hakuna kizazi cha binadamu kitakachoshuhudia uamuzi wake.

Kilicho mikononi mwa kizazi hiki ni lugha ya kuyaelezea hayo. Kiswahili tayari kina ufa, bonde, tuta, mgongo, gamba na mashapo, maneno ambayo mkulima wa Kerio na mvuvi wa Lamu wanayaelewa bila kamusi. Kinachohitajika ni kuyatumia kwa nidhamu, kila neno libebe dhana moja na kila dhana ipewe neno lake. Gregory alihitaji dhana moja iliyo wazi ili kulieleza bonde ambalo wenyeji walikuwa wakiliona kila siku. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao wamezaliwa kwenye kingo za bonde hilo, wana sababu ya kutosha ya kuzitafuta dhana zilizobaki.